Nipe Mji

Safina yetu haijapaa hata shubiri.
Imelala kwenye uwanda wa kokoto,
kilomita sita kusini mwa mji wa Adam,
kuba tano, kama mabakuli yaliyofudikizwa baada ya karamu,
na juu ya kila mlango imeandikwa kanuni ya kwanza:
NJE NI UTUPU.
Safari ni miaka mia mbili, walituambia.
Nyinyi ni kizazi cha majaribio. Mtazaa, mtazika,
ili watakaopaa kweli wajue kama inawezekana.

Mwaka wa tisa wadi ilishuka usiku.
Utupu ukaja na matope, na shina la mtende,
na kiatu cha mtoto tusiyemjua,
ukavunja ujia kati ya kuba ya tatu na ya nne.
Milango ikajifunga yenyewe, kama ilivyofundishwa.
Upande wa pili walibaki watu kumi na wanane,
na mama mkwe wangu, Bi Ghania,
na sufuria yangu kubwa niliyomwazima.
Waliotujenga hawakuja.
Labda wanaheshimu kanuni.
Labda fedha zimekwisha.

Kilichobaki ni bomba, kavu, la upana wa ngumi.
Mimi ndiye mgawa maji. Babu yangu aligawa falaji
kwa kivuli mchana na kwa nyota usiku;
mimi nagawa kwa saa ya ukutani, na ugomvi ni uleule.
Ikifika saa nne usiku nafungua koki, naweka mdomo:
"Hodi."
Inachukua pumzi mbili. Kisha sauti, yenye kutu:
"Karibu. Mmekula?"

Tunasema Kiswahili, kile walichokuja nacho mabibi zetu
masandukuni, chini ya kanga,
kwa kuwa kompyuta ya safina hupiga king'ora
ukiitaja nje kwa Kiarabu au kwa Kiingereza.
Kiswahili haikufunzwa. Inadhani tunakohoa.

Jana nilimpakata Muhanna. Ana miaka sita, kazaliwa humu.
Nikamwekea sikio kwenye bomba.
"Kitendawili," akasema bibi yake.
"Tega!"
"Nyumba yangu haina mlango."
Mtoto akacheka, hilo rahisi. "Kuba ya nne!"
"Siyo."
"Kuba ya tatu. Safina yote!"
"Siyo, mjukuu wangu."
Nikanyamaza. Kuku walikufa mwaka wa pili.
Hajapata kuona yai.
"Basi nipe mji."

Akanigeukia. "Mama, mji ni nini?"
Nilimnong'oneza sikioni, na kabla sijajuta
alikwisha kupiga ukelele bombani: "Nakupa Adam!"
King'ora hakikulia.
Kompyuta ilidhani ni jina la mtu.

Pumzi mbili. Nne. Saba.
Kisha Bi Ghania akaenda.
"Nikaenda Adam. Nikaenda kwa miguu, kokoto zikinichoma.
Nikakuta mnada, mbuzi wanazungushwa,
nikamfunua mmoja meno, nikamkataa, mzee yule.
Nikala halwa kwa vidole vitatu, ingali moto.
Nikatia miguu falajini, visamaki vikanidonoa,
nikacheka peke yangu, watu wakanitazama, wanitazame.
Nikaingia dukani. Nikachukua trei moja, thelathini, nyeupe.
Nikamwambia mwenye duka, andika, mwanangu atalipa."
"Nyeupe nini, bibi?"
Alikohoa sana.
"Ngoja nikuletee," akasema. "Kwa mdomo hayaelezeki."

Alfajiri upepo ulivuma kutoka kaskazini.
Muhanna aliketi kitandani, macho yamemtoka.
"Mama. Utupu unaadhini."
Nikamfunika. Sikumjibu.

Leo saa nne nimefungua koki.
Hodi.
Pumzi mbili. Tano. Nimeacha kuhesabu.
Hodi, Bi Ghania.
Mtoto kanivuta upindo wa kanga:
"Usimharakishe, mama.
Adam ni mbali."